Kurasa Saba za Bernadette

Barua pepe ilimkuta Bernadette Gawronski kwenye foleni ya mkahawa wa chuo, sinia mkononi, na kosa lake ni kuifungua pale pale. Alisoma mistari mitatu ya kwanza, likamtoka neno ambalo profesa halitamki mbele ya wanafunzi, na kijana aliyekuwa mbele yake akageuka akidhani anatukanwa yeye.

"Si wewe," Bernadette alimwambia. "Endelea na supu yako."

Barua ilitoka kwa kamati ya kongamano kubwa kuliko yote katika fani yake. Ilisema wahakiki wote wamekubali kwamba makala ni sahihi, na kwamba swali lililojibiwa ni la zamani na lina uzito. Hata hivyo, mbinu iliyotumika ni rahisi mno. Mtafiti yeyote makini angeweza kuifikia. Kwa hiyo kamati inasikitika.

"Inasikitika!" alisema kwa sauti, akaliacha sinia juu ya kaunta, akatoka bila kula.

Mtu asiyejua yaliyotangulia angesema mwanamke huyu anadeka. Lakini Bernadette alikuwa na haki ya kuuma meno, na haki hiyo aliipata kwa jasho.

Alikuwa mtu wa algoriti, yaani zile hatua ambazo kompyuta hufuata ili ifike kwenye jibu. Kompyuta zenyewe hazikumhusu sana. Hakuwahi kutengeneza programu ya simu, hakujua kwa nini printa ya idara hukwama, na kila ndugu aliyemletea laptopu mbovu siku ya Krismasi aliondoka nayo ikiwa mbovu vile vile. Kazi yake ilikuwa kalamu, karatasi na ubao: kutafuta njia ya hesabu iliyo nyepesi kuliko zote, kisha kuthibitisha hatua kwa hatua kwamba haidanganyi wala haichelewi. Kwao Polish Hill, mtaa wa Wapolandi mjini Pittsburgh, walikwisha kukata tamaa ya kumwelewa. Walijua tu kwamba binti wa marehemu Gawronski, dereva wa basi, ni profesa, na kwamba hafai kitu intaneti ikikatika.

Swali lililomla ujana wake lilikuwa hili. Una ramani ya mji, na umekwisha kukokotoa njia fupi kabisa kutoka kila mahali kwenda kila mahali. Daraja moja linafungwa. Kesho yake linafungwa jingine. Halafu barabara moja inafunguliwa. Utazijuaje njia mpya bila kuianza hesabu nzima upya kila mara? Mtu aliyekulia Pittsburgh, ambako daraja moja likifungwa nusu ya mji huchelewa kazini, hahitaji kuelezwa kwa nini swali hilo ni la maana. Ila Bernadette hakulipendea madaraja. Alilipenda kwa sababu lilimkatalia.

Aliyekuja kulisukuma pamoja naye alikuwa Farhad Moezzi, mtafiti wa mkataba kutoka Tabriz, Iran, mtu mwenye akili kali, ndevu zisizochanwa, na maoni juu ya kila jambo, chai ya Wamarekani ikiwamo. Farhad ndiye aliyeonyesha kwanza kwamba swali lile linajibika. Jibu lake lilikuwa kama nyumba iliyojengwa na mafundi waliogombana: ngazi zisizofika popote, vyumba ndani ya vyumba, kurasa tisini na moja. Walilipeleka kwenye kongamano. Wahakiki wakajibu kwamba wameshindwa kulifuatilia, na kwamba waandishi wangefanya vyema kurahisisha.

Bernadette akarahisisha. Ilimchukua miaka minne. Alifuta sura moja baada ya nyingine, huku Farhad akilia kila inapofutwa kama anayefiwa. Mwishowe kabisa, jambo lenyewe lilimjia akiwa amechoka na mitihani. Alikuwa amegundua kwamba swali la tatu la mtihani lilikuwa na kosa, hivyo alama za darasa zima zilipaswa kujumlishwa upya. Akatazama ule mlima wa karatasi, akajiambia: sijumlishi chochote. Atakayekuja kuuliza alama zake, nitajumlisha zake tu. Kisha akatulia, kalamu hewani. Kumbe na ramani ni hivyo hivyo. Daraja likifungwa, usirekebishe kitu. Weka alama tu kwamba hapa pameharibika. Siku mtu atakapouliza njia, ndipo utengeneze ile anayoiuliza, na hiyo tu. Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba uvivu ule hauwezi kulimbikiza kazi kupita kiasi, na uthibitisho ukaenea kwenye kurasa saba, michoro ikiwa ndani yake.

Hizo ndizo kurasa saba zilizokataliwa kwa kuwa ni rahisi mno.

Farhad alimkuta ofisini, paji la uso limelala juu ya meza.

"Nimeisoma," alisema Farhad, akakaa bila kukaribishwa. "Tukiandika ndefu, hawaelewi. Tukiandika fupi, wanaelewa, halafu wanatukasirikia kwa kuwa wameelewa."

"Usiniambie. Najua."

"Mhakiki wa pili anasema angeweza kuifikia mwenyewe."

"Sasa miaka yote hii alikuwa wapi? Mbona hakuifikia? Alikuwa anafua nguo?" Bernadette aliinua kichwa. Karatasi moja ilikuwa imemganda shavuni. "Farhad, swali hili limewashinda watu tangu mimi niko shule ya msingi. Halafu mtu anasema ni rahisi!"

"Basi tuzirudishe zile kurasa."

"Kurasa zipi?"

"Unazijua. Zile ulizozichinja. Tuongeze na ile hali ya barabara za upande mmoja, na ile ya uzito hasi. Wanataka jasho, tuwape jasho."

"Ng'o."

"Bernie, sikiliza..."

"Nimesema ng'o. Sitamtia mtu kwenye kurasa tisini kumfikisha mahali panapofikika kwa saba. Huo ni unyanyasaji."

Farhad alimtazama kama mtu mwenye neno jingine la kusema, akalimeza, akatoka.

Siku hiyo hiyo mchana mkuu wa idara, Curtis Hallowell, alimwita. Curtis alikuwa mtu mpole mwenye desturi ya kuanza habari mbaya kwa kuuliza hali ya mama yako. Akauliza hali ya Mama Stasia. Bernadette akasema hajambo, haya, sema.

"Ni hiyo kamati ya kupandisha vyeo," Curtis alisema. "Umekuwa profesa mshiriki muda mrefu, Bernadette. Wanataka kukupa uprofesa kamili, wanataka kweli. Ila wanauliza kazi kubwa ya karibuni iko wapi. Wanataka kuona kina."

"Kina kipo. Kiko kwenye kurasa saba."

"Nakuamini. Mimi nakuamini kabisa. Lakini wao wanataka kina kinachoonekana."

"Kina kinachoonekana, Curtis, si ni dimbwi hilo?"

Curtis akacheka kidogo, akatazama saa, wakaishia hapo.

Majira ya baridi yakapita. Bernadette alifundisha, alisahihisha, alikaa kwenye vikao vya kuamua vikao vingine vikae lini. Zile kurasa saba aliziweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, kwa atakayezitaka, akajilazimisha kuziacha. Aliwahi hata kuzifundisha kwenye darasa la mwaka wa tatu, na wanafunzi wakaelewa kabla ya saa kwisha, mmoja akauliza kama mambo hayo yatakuja kwenye mtihani. Alirudi ofisini akiwa na furaha na hasira kwa pamoja, hata hakujua aanzie ipi.

Ndipo siku moja ya Kwaresima barua pepe nyingine ikaingia. *Hongereni! Makala yenu yenye kurasa mia na tatu imekubaliwa.*

Aliifunga, akidhani imepotea njia. Akaifungua tena. Jina lake lilikuwepo, na la Farhad pia. Wahakiki walisifu kwa maneno mazito: kazi ya kina kirefu, mbinu nzito za kushangaza, umahiri wa nadra. Mmoja alikiri hakuweza kuimaliza sehemu ya tano lakini akasema ana imani nayo.

Bernadette alipanda ngazi hadi chumba cha Farhad bila kungoja lifti. Farhad alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa mlango, na hakugeuka.

"Ilikuwa nikuambie," alisema.

"Lini? Kwenye mazishi yangu?"

"Leo. Nilikuwa najipanga."

"Umechukua jina langu ukalipeleka mahali nilipokataa kwenda." Sauti yake ilikuwa ya chini, na Farhad angependa zaidi apige kelele. "Na lile wazo la uvivu umeliweka wapi? Hebu niambie."

"Lipo."

"Wapi?"

"Ukurasa wa sitini na nne. Hoja saidizi ya thelathini na moja."

Bernadette akashika ubao wa mlango. "Umeizika kazi yenyewe ndani ya hoja saidizi ya thelathini na moja."

"Hakuna uongo humo, Bernie! Kila mstari ni kweli. Nimeuthibitisha kila mstari."

"Ni kweli na hauhitajiki! Ningejua kutofautisha hayo mawili hata usingizini, na wewe pia unajua, ndiyo maana hukuniambia!"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

Sasa Farhad akageuka. Macho yalikuwa yamemvimba. "Basi tatizo unaliona. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tano. Viza yangu inaisha pamoja nao. Nimeomba kazi kila mahali penye ubao, na kila mahali wanauliza: makala ya kongamano iko wapi? Wewe una kiti chako, dada yangu. Hata wakikunyima hicho cheo, kiti kipo, mshahara upo. Unaweza kuringa na kurasa saba. Mimi nimekalia kuti kavu."

Bernadette alitafuta la kujibu, akayakuta yote ni ya mtu mwenye kiti. Akageuka, akashuka ngazi, akatwanga kibao cha matangazo kwa kiganja alipokipita, mkono ukamuuma mpaka jioni.

Ijumaa hiyo alikula kwa mama yake kama kawaida. Mama Stasia alikuwa amepika pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, za viazi na jibini, na kabichi, na alikuwa na hasira zake mwenyewe juu ya padri mpya anayehubiri haraka haraka. Bernadette alimweleza habari yote, akipunguza hesabu na kuongeza matusi.

"Hebu subiri," alisema Mama Stasia. "Walisema ni ndefu. Ukaifupisha."

"Ndiyo, Mama."

"Wakasema ni fupi. Yule Mwajemi akairefusha."

"Ndiyo."

"Na sasa wameipenda." Mama akatia siki kwenye kabichi, akaonja, akatia tena. "Hawa ni watu wazima?"

"Wengine wana wajukuu."

"Na wewe ndiye uliyetaka kuwa mmoja wao, nilipokwambia usomee famasia."

"Mama, usianze."

"Sianzi. Nilianza zamani." Akamsukumia sahani. "Sasa utafanya nini? Utawaambia waifute?"

"Nikiifuta, kijana anarudishwa kwao."

"Na usipoifuta?"

"Nasimama mbele ya watu nasema uongo kwa kurasa mia na tatu."

"Si alisema yote ni kweli?"

"Ndicho kinachoniudhi, Mama. Yote ni kweli." Bernadette akatoboa pierogi kwa uma kama iliyomkosea. "Mtu akikuuliza duka liko wapi, ukampeleka kwa kupitia Ohio, jimbo jingine kabisa, hujamdanganya. Atafika. Lakini wewe ni mtu wa namna gani?"

Mama Stasia alimwongezea kabichi. Alisema pierogi zinapoa.

Kongamano lilikuwa Montreal, mwezi wa tano mwanzoni. Farhad ndiye aliyepaswa kuwasilisha, maana yeye ndiye mtafuta kazi. Lakini viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja. Akivuka mpaka kwenda Kanada, kurudi ni kuomba upya, na kuomba upya ni miezi isiyojulikana. Kwa hiyo ilibidi aende Bernadette. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ila kwa barua fupi za kazi. Farhad alimtumia slaidi arobaini na nane, zenye rangi, zimepangwa kwa uangalifu wa mtu anayemfungia mtoto mizigo ya safari. Chini aliandika: *Profesa Roswitha Penner wa Winnipeg atakuwepo. Wana nafasi ya kazi. Nitatazama kwa mtandao. Tafadhali.*

Hakuandika tafadhali nini.

Ukumbi ulikuwa ndani ya hoteli, hauna dirisha, una zulia lenye maua na kiyoyozi kinachovuma kama kinadaiwa. Bernadette alipewa dakika ishirini. Alianza na slaidi ya kwanza, akaenda ya pili, akafika ya tatu, penye ufafanuzi wa kitu kilichoitwa "mti wa ngazi wenye vivuli," ambacho yeye mwenyewe alikifuta miaka mitatu nyuma na hakuwahi kukitamani tena. Akawatazama watu. Safu ya mbele walikuwa wanajibu barua pepe. Safu ya nyuma yao mtu mmoja alikuwa anasahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi, bila aibu. Mzee fulani kwenye kiti cha pembeni alikuwa amefumba macho. Wote walikuwa na sura ya heshima ya watu waliokwisha kukubali kwamba hawataelewa, na ambao hilo haliwasumbui.

Kitu kikamkatikia ndani. Haikuwa hasira mpya. Ilikuwa ile ile ya kwenye foleni ya supu, ila sasa ilikuwa imeiva.

"Samahani," alisema, akazima slaidi. "Kuna ubao humu ndani?"

Ubao haukuwepo. Mhudumu mmoja akasukuma kutoka pembeni kiguzo chenye karatasi kubwa, akampa kalamu nene ya kijani iliyokuwa inakauka. Bernadette akachora miji mitano na madaraja kati yao. Akakata daraja moja.

"Sasa hapa kila mtu hukimbilia kutengeneza," alisema. "Sisi hatutengenezi. Tunaweka alama, tunakaa. Hajauliza mtu, hatuinuki."

Akakata la pili. Mtu wa mitihani aliinua kichwa. Akaeleza kwa nini uvivu haulimbikizi kazi, akachora mishale, kalamu ikamgomea, akaitikisa, akaendelea. Watu wa safu ya mbele walifunga laptopu zao moja moja. Mzee wa pembeni alifumbua macho. Alipofika mwisho alikuwa ametumia karatasi mbili tu, na muda ulikuwa umebaki tele.

Halafu yule mzee akanyanyua mkono. Jina lake lilikuwa Anselm Thorvaldson, na karibu nusu ya watu mle ndani walikuwa wanafunzi wake au wanafunzi wa wanafunzi wake.

"Ni nzuri sana," alisema polepole. "Lakini kama ndiyo hiyo tu, nisaidie jambo moja. Kurasa zile nyingine zote ni za nini?"

Bernadette alilijua jibu lake. Lilikuwa tayari mdomoni: muulizeni aliyeziandika. Lingekuwa kweli, na asingelazimika kubeba chochote. Juu ya meza ya pembeni kamera ndogo ilikuwa inawaka taa nyekundu, na upande wa pili wa taa ile, Pittsburgh, kulikuwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa amesimama, maana Farhad hawezi kukaa akiwa na hofu.

"Mwaka jana," alisema, "tuliwaletea hapa hapa kurasa saba. Mliyoyaona sasa hivi, na si zaidi. Mkatujibu kwamba ni rahisi mno. Kwa hiyo mwaka huu tumewaletea mia na tatu."

Mtu mmoja nyuma alipaliwa na kicheko. Wa pili akafuata, kisha kikaenea, ingawa si kwa wote: mwenyekiti wa kamati alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akipekua ratiba kama anayetafuta mlango ndani yake. Thorvaldson hakucheka. Alivua miwani.

"Mhakiki wa pili nilikuwa mimi," alisema. "Wa mwaka jana." Akaifuta miwani kwa shati. "Na sehemu ya tano ya mwaka huu ndiyo niliyoshindwa kuimaliza."

Sasa walicheka wote, hata mwenyekiti. Bernadette peke yake hakuweza kucheka, kwa sababu alikuwa bado na la kusema.

"Naomba niseme hili vilevile. Mwenzangu Farhad Moezzi hakukuta njia iliyofyekwa. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba swali hili linajibika, wakati sisi wengine tulikuwa tumeliacha. Alipita porini akatoka upande wa pili. Mimi nilikuja baadaye nikafyeka. Msije mkadhani kufyeka ndiyo kazi yote."

Akashuka. Alikuwa amelowa jasho mgongoni.

Kwenye korido, penye birika za kahawa, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi akamzuia. Alikuwa Roswitha Penner.

"Huyo mwenzako," alisema, bila salamu. "Anaweza kufundisha?"

"Anaweza kubishana hadi mwanafunzi aelewe ili apate amani."

"Na ile ndefu, nani aliiandika? Usiniambie 'sisi'."

Bernadette alimwaga maziwa kwenye kahawa, mengi kuliko alivyotaka. "Mkataba wake unaisha mwezi huu," alisema. "Ungekuwa wewe, ungeandika ngapi?"

Roswitha Penner akatoa simu yake. "Mimi niliwahi kuandika mia na hamsini," alisema. "Nipe namba yake."

Farhad alipiga simu Bernadette akiwa bado kwenye lifti.

"Umezima slaidi zangu," alisema.

"Nimezizima."

"Arobaini na nane! Unajua ile michoro ya vivuli ilinichukua siku ngapi?"

"Ilikuwa mizuri. Haikuhitajika."

Bernadette alisikia pua ikivutwa. "Ulisema 'tumewaletea'," Farhad akasema.

"Nilisikia nilichosema. Bado nimekukasirikia. Ukirudia tena kutumia jina langu, nitakuja Tabriz kukushtaki kwa mama yako."

"Atakuwa upande wako. Yeye huwa upande wa kila mtu isipokuwa mimi."

Kazi ya Winnipeg aliipata, ila si ile ya kudumu. Walimpa mkataba mwingine wa miaka mitatu, na karatasi za Kanada zilichukua muda mrefu hata ikabidi mkuu wa idara Curtis amtafutie kazi ya muda ya kusahihisha mitihani ili asimwage unga kabisa. Aliondoka Pittsburgh na masanduku mawili na samova yake ya kuchemshia chai, na kwa majira mawili mazima hakuzungumzia hisabati kabla ya kuilaani kwanza baridi ya huko.

Uprofesa kamili wa Bernadette nao ukaja. Curtis alimsomea uamuzi wa kamati kwa sauti ya sherehe: wamevutiwa hasa na kina cha makala yake ya kurasa mia na tatu. Kurasa saba hazikutajwa. Bernadette alisikiliza hadi mwisho, akasema asante, akarudi ofisini, akafunga mlango, akaweka paji la uso juu ya meza na kukaa hivyo mpaka alipokumbuka kwamba ana darasa.

Hata hivyo zile saba zilitembea. Watu walizichukua mtandaoni bila kuaga. Zilionekana kwenye mihadhara ya Bangalore na Santiago, kwenye programu za kampuni za kupeleka mizigo, kila mahali zikiitwa "ile mbinu ya kutoinuka," na kadiri zilivyojulikana ndivyo jina la mwenyewe lilivyochujuka. Kitabu kipya cha kufundishia kilipotoka, Farhad alikipata kwanza. Akapiga simu saa ya chakula cha mchana, amepandwa na jazba.

"Sura ya tisa, zoezi la nne," alisema. "Sisi ni zoezi, Bernie! Hata nadharia hatukupewa. Zoezi!"

"Majina yetu yapo?"

"Hakuna jina. Kuna kialama pembeni. Nimeangalia mwanzoni maana yake nini. Maana yake ni 'jepesi'."

Bernadette alifumba macho. Alisubiri ile hasira ipande kama inavyopanda siku zote, na ikaanza kupanda kweli. "Na wewe umelifanya?" akauliza.

"Nini?"

"Hilo zoezi. Umelifanya?"

Upande wa pili kulikuwa na kigugumizi kisicho cha kawaida. "Nimelifanya."

"Na?"

"Mara ya kwanza nimekosea," alisema Farhad. "Usicheke. Bernie, nakwambia usicheke, wameliuliza vibaya!"

Lakini alikwisha kuanza kucheka, akacheka hadi mwanafunzi aliyekuwa akingoja nje akagonga mlango kuuliza kama kuna tatizo. Farhad alimsubiri amalize, akilalama wakati wote, kisha akasema basi yaishe, maana kuna jambo kuhusu barabara za upande mmoja ambalo halimpi usingizi, na je, ana dakika kumi.

"Kurasa ngapi?" aliuliza Bernadette.

"Kwa sasa? Sitini."

Bernadette alivuta kiti, akatafuta kalamu. "Haya, anza," alisema. "Na usiniletee vivuli."